Nilinunua Mashine ya Sidii, Siri ya Ndugu Yangu Ikasikika kwa Jirani

"Mtu akinunua kitu kisichomfaa, wa kulaumiwa ni muuza duka." Hayo aliyaandika msomaji mmoja wa Kisauni katika ukurasa huu, na wengi mkamuunga mkono. Si kweli. Muuza duka wangu aliniuliza, akanionya, akaniuliza tena. Kosa ni langu, nami naliandika kwa sababu nimeshindwa kulitamka. Mhariri, jina langu lifiche.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minane, mwalimu, mkaaji wa Likoni upande wa Shika Adabu. Naishi na mke wangu, watoto, na mama yangu mzazi ambaye hajui kusoma. Barazani kwetu najulikana kwa ubishi. Nimesoma vitabu vingi na sipendi kuondoka nimeshindwa. Mdogo wangu yuko Uarabuni, huu mwaka wa sita. Mama hajui kusoma, kwa hiyo barua za mdogo wangu huja kwa sauti: hujirekodi kwenye kanda, akampa mtu anayerudi nyumbani. Watu wa pwani mnaijua desturi hii. Kanda ikifika tunaketi sote, mimi karibu na redio. Kwanza salamu, jina kwa jina, mpaka majirani. Kisha husema, "Kaka, sasa watoe watu." Hapo nazima, wanatoka, nabaki na mama, ndipo nawasha tena. Mama simruhusu kugusa redio. "Utaiharibu," humwambia.

Redio yetu ya kaseti ilikuwa imeanza kukwaruza. Mdogo wangu akatuma pesa tununue chombo kipya, kidogo, cha bei nafuu, ili mama amsikie vizuri. Ili mama amsikie! Wakati huo barazani nilikuwa nimeshatangaza kwamba kanda imekufa na asiyenunua sidii ni mtu wa jana.

Muuza duka aliniwekea mashine mbili mezani. Moja nene kidogo, inacheza sidii juu na kanda mbele. Ya pili nyembamba, inang'aa, ya sidii peke yake. Bei zilikaribiana.

"Mwalimu," akaniuliza, "nyumbani mwasikiliza nini hasa?"

"Twasikiliza karne inayokuja."

Akacheka. "Karne yaja, lakini kanda mnazo? Maana hii nyembamba haili kanda."

Nikamwambia anifungie hiyo hiyo nyembamba. Nikamwachia na ile redio ya kaseti ili anipunguzie bei. Nyumbani mke wangu aliizunguka mashine akitafuta mlango wa kanda. "Na barua za shemeji je?" Nikamjibu kwamba shemeji yake ana mikono, ajifunze kuandika, mimi nitasoma. Tulikuwa na sidii moja tu, ya vinanda vya watu nisiowajua, iliyokuja na mashine. Niliipiga mwezi mzima, madirisha wazi, ili watu wa baraza wasikie.

Kisha kanda ikaja. Mama alinijia nayo ameifunga katika pembe ya leso. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamwambia, bila kuinua kichwa, "Mama, vitu hivi vimepitwa na wakati."

"Haya, baba," akasema, akatoka.

Alikwenda kwa jirani. Walikuwamo wanawake wanne wanashona kofia, wakamkaribisha, wakamwekea kanda. Salamu zikapita, kila aliyetajwa akaitikia, na mama akawa anacheka kwa fahari, maana mtaa wote ulijua mwanawe ni karani. Mara sauti ikasema, "Kaka, sasa watoe watu." Hakuna aliyetoka, na kaka hakuwapo.

"Mama, ukarani uliisha mwaka wa kwanza. Naosha magari ya watu. Nimechoka kukudanganya. Idi hii nakuja. Kabla sijaja nijibu kwa sauti yako, kama bado waniridhia."

Mama hakujua kitufe cha kuzimia. Aliivua leso ya kichwani akaifunikia redio, akailalia kwa mikono miwili, na sauti ikaendelea kutoka chini ya nguo mpaka ikaisha.

Aliporudi alinisimulia yote, nami nikamuuliza kwa ukali, wallahi kwa ukali, kwa nini hakuzima.

"Ningezimaje, mwanangu? Hukunionesha hata siku moja."



Sasa mtaani ndugu yangu anaitwa Karani wa Ndoo. Kazi yake ni ya halali, na anayemcheka hajui halali. Lakini ile siri ilikuwa yake kuitoa. Mama amesema radhi anazo na atazirekodi. Ameweka sharti moja: "Mwanzo wa kanda ni wako. Mwambie ulilolifanya, kisha nipe mimi niseme nimemridhia."

Nimeazima redio ya kurekodia. Siku tatu nafunga mlango, nabonyeza, nasema "Ndugu yangu", kisha nasikia pumzi zangu tu. Nikimwambia ukweli, huenda asije, na mama ni mzee. Nikinyamaza, atashuka feri ya Likoni na mzigo wake, na mtu wa kwanza kumlaki atamwita Karani wa Ndoo.

Sitaki ushauri wa watu wa baraza. Mimi ni mmoja wao na najua thamani yake. Nawauliza nyinyi mlioko Uarabuni, mnaojirekodi mkiwa peke yenu na kusema "watoe watu" mkiamini wametoka. Ingekuwa ni siri yenu, mngetaka kuambiwa vipi, na kwa neno gani la kwanza? Nijibuni kabla mwezi haujaandama. Mama ananiuliza kila asubuhi kama zamu yake imefika.