Dola Tano za Mzee Hoyt

Hoyt Tackett alikuwa na tabia moja ya kishenzi, na mji mzima wa Cutler Ferry uliijua. Akishakaa kwenye meza yake ya dirishani pale mgahawani kwa Pruitt, kabla hata hajavua kofia, anatoa noti tano za dola moja moja na kuzipanga ukingoni mwa meza, karibu na chupa ya sirapu. Hiyo ndiyo bakshishi yako wewe mhudumu. Lakini ukikosea tu, kahawa ikapoa, kiini cha yai kikapasuka, ukasahau chumvi, Hoyt ananyoosha vidole viwili, anaiokota noti moja na kuirudisha mfukoni polepole huku anakutazama usoni. Kuna wahudumu waliondoka kwenye meza ile na dola moja na machozi.

Kwa Verlene Stubblefield hakuwahi kuokota hata moja. Miaka kumi na moja, asubuhi sita kwa wiki, noti tano zinapangwa, noti tano zinabaki. Verlene alijivunia jambo hilo kuliko watu wengine wanavyojivunia watoto wao, na ukiwaona watoto wenyewe wa mji huu, huwezi kumlaumu.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, nywele zenye rangi ambayo Mungu hajawahi kumpa mtu, na nyonga ya kushoto iliyomuuma tangu jogoo la kwanza. Mume wake alishajiendea zamani, akamwachia pete na mbwa, na mbwa akafa. Miaka thelathini na moja alikuwa amebeba sahani kwa Pruitt kwa mshahara wa dola mbili na senti kumi na tatu kwa saa. Ndiyo, umesikia vizuri, sirudii. Huku Kentucky sheria inasema mwajiri akutupie hizo, na zilizobaki akupe mteja akijisikia.

Na Verlene alijua kuwafanya wajisikie, lo! Wenye malori wakiingia, pete inaingia mfukoni mwa aproni. Akina mama wa kanisani wakiingia, pete inarudi kidoleni na sauti inakuwa ya kwaya. Kila mtu alikuwa "mpenzi", kuanzia mchungaji hadi mwizi wa mabetri. Ijumaa ya kambare wa kukaanga alitoka na pesa nyingi kuliko karani wa benki.

"Mshahara ni wa watu wasiojua kuongea," alipenda kusema.

Wateja waliomshinda walikuwa wa aina moja tu, wateja wa Jumapili. Hao walitoka ibadani wakala biskuti laini kama maandazi na mchuzi wa soseji mpaka wakafungua vifungo vya suruali, kisha wakaacha chini ya sahani noti ya dola ishirini iliyokunjwa. Ukiikunjua, kumbe ni karatasi ya kanisa, ndani imeandikwa, "Je, umevunjika moyo? Utajiri wa kweli uko mbinguni." Verlene hakugombana na mtu. Alizihifadhi zote kwenye kopo. Siku ya Pasaka akavaa gauni la zambarau, akaenda kanisani kwao, na kapu la sadaka lilipomfikia akazimimina zote humo, karatasi thelathini na nane, na kuitikia amina kwa sauti. Tangu siku hiyo wakawa wanaacha sarafu.

Lakini ujanja aliouona ndio baba wa ujanja wote ulikuwa wa kwenye daftari. Jioni kila mhudumu huandika bakshishi aliyopata, ili serikali ikate chake. Pale kwa Pruitt kadi za benki zilianza kupokewa juzijuzi tu, kwa hiyo kwa miaka nenda miaka rudi zilikuwa pesa taslimu, na pesa taslimu haina mdomo. Kila mhudumu mpya alipoajiriwa, Verlene alimvutia kando, karibu na friji, akampa darasa.

"Mpenzi, ukipata themanini, andika kumi na mbili. Serikali haikukubebea sahani hata moja."

Hivyo ndivyo alivyomfundisha Jodeen Sizemore, mwanamke wa miaka thelathini na nne mwenye watoto watatu na mume mwenye mgongo mbovu. Jodeen aliandika kumi na mbili kwa miaka tisa. Alimwamini Verlene kuliko mama yake mzazi, ambaye naye, tuseme ukweli, hakuwa wa kuaminiwa.

Mpango wa Verlene ulijulikana na wateja wote. Mwezi wa kumi atatimiza sitini na miwili, umri ambao serikali inaanza kukulipa pensheni. "Siku hiyo navua viatu hivi navirusha juu ya paa la Pruitt," alisema huku anafuta meza. "Halafu nakaa chini. Nitakaa mpaka kiti chenyewe kiniombe niondoke."

Basi mwezi wa nane Rennie Pruitt, aliyerithi mgahawa baada ya baba yake kufariki, akawaambia wahudumu wake watano kwamba amechoka. Wahudumu wanamkimbia kila msimu wa baridi, mvua ikinyesha Jumanne mtu anakwenda nyumbani na dola kumi na moja. Anataka kupandisha bei ya chakula, kila mmoja alipwe dola kumi na sita kwa saa, na bakshishi iishe kabisa. Ila kwa sharti kwamba wote watano wakubali. Aliwapa wiki mbili.

"Mimi nikikubali hilo nizikwe na aproni!" Verlene alisema. "Unataka kunigeuza mtu wa posta, Rennie? Tabasamu langu peke yake lina thamani ya dola kumi na sita, bado sijaleta hata maji."

Jodeen alicheka na wengine watatu wakacheka. Verlene akisema hapana, ni hapana ya wote. Rennie alikwenda zake jikoni.

Wiki iliyofuata Verlene akachukua ruhusa ya siku moja, akajipaka rangi ya midomo, akaendesha gari mpaka ofisi ya pensheni kujaza fomu zake mapema. Alihudumiwa na bwana mmoja mpole, tai yake imechorwa mabata. Bwana yule akafungua kompyuta, akakunja uso, akaigeuza ili Verlene naye aone.

"Mama, hapa inaonyesha mwaka jana ulipata dola elfu sita."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwaka, mama."

"Acha utani wewe. Mwaka huo nilinunua gari jipya!"

Bwana wa mabata akatazama dari. "Hilo sijalisikia, mama."

Akaendelea kushuka, mwaka baada ya mwaka. Elfu saba. Elfu tano na mia tatu. Pensheni, alimweleza kwa upole, inakokotolewa kwa kile ulichokiandika maishani. Akianza kuchukua mwezi wa kumi, atapata dola mia tano arobaini na moja kwa mwezi. Kodi ya nyumba ya bati anayopanga peke yake ni mia nne na themanini.

"Na nikisubiri?"

"Ukifika sitini na saba itaongezeka. Na kama miaka hii iliyobaki utalipwa mshahara unaoonekana, itaongezeka zaidi kidogo. Lakini wa dola mbili na senti kumi na tatu, mama..." Akasita, akamsogezea karatasi.

Ujanja wa nyani huishia jangwani. Verlene alikaa ndani ya gari pale nje, karatasi mapajani, akalia mpaka rangi ya macho ikamfika kidevuni. Kilikuwa kilio kibaya sana, kilio cha mtu aliyejiibia mwenyewe. Miaka thelathini na moja! Kumbe kila jioni alipokuwa anaandika kumi na mbili na kucheka, alikuwa anakata mguu wa kiti chake mwenyewe. Halafu akamkumbuka Jodeen karibu na friji, anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri, na hapo ndipo alipoona aibu kweli. Alirudi nyumbani asimwambie mtu.

Siku ya kikao ilikuwa Jumatatu saa tisa mchana, wateja wa mchana wameshaondoka. Wote isipokuwa Hoyt Tackett, ambaye hakuna aliyewahi kupata njia ya kumwondoa. Alikuwa dirishani kwake anamalizia pai ya karanga za pikani, noti zake tano ukingoni, masikio yamesimama.

"Haya," Rennie alisema, "mnajua habari yenyewe. Wanaokubali wanyooshe mkono. Akikataa mmoja, tunaacha, na sitalirudia tena."

Hakuna aliyenyoosha. Wote wanne wakamgeukia Verlene wakisubiri afungue mdomo awachekeshe. Naye akasimama, akashika ukingo wa meza kwa sababu ya nyonga, akatoa karatasi kwenye aproni.

"Nataka kuwasomea kitu," alisema. "Ni barua ya mapenzi, kutoka serikalini."

Wakacheka. Akasoma. Elfu sita, elfu saba, elfu tano na mia tatu. Alisoma kwa ile sauti yake ya kutaja vyakula vya siku, na kicheko kikapungua, kikaisha. Alipofika kwenye mia tano arobaini na moja sauti ikamkatika, akakohoa ili ionekane ni kikohozi.

"Kwa siku?" mmoja aliuliza.

"Kwa mwezi, mpenzi. Baada ya miaka thelathini na moja. Nilidhani naiibia serikali. Serikali ilikuwa imekaa pale inaniangalia, inasema, endelea bibi, endelea." Akaikunja karatasi. "Mimi nimejanjaruka mpaka nimejimaliza. Msinifuate."

Akanyoosha mkono juu.

Jodeen alikuwa amegeuka rangi.

"Wewe ndiye uliyeniambia niandike kumi na mbili," alisema.

"Ni mimi."

"Miaka tisa, Verlene."

"Najua."

"Miaka tisa nakuona una akili!"

"Nilikuwa najiona hivyohivyo, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Mbwa wewe."

"Najua," alisema Verlene, na mkono wake ukiwa bado juu, ingawa bega nalo halikuwa zima. "Nitukane vyote, nimestahili. Lakini wewe una miaka thelathini na nne. Unayo nafasi bado. Nyoosha huo mkono, halafu uendelee kunitukana."

Jodeen akanyoosha mkono bila kumtazama. Wale watatu wakafuata. Rennie akageuka upande wa jikoni upesi, akajifanya anatafuta kitambaa.

"Sasa samahani," Hoyt aliuliza kutoka dirishani, mdomo umejaa pai, "mimi dola zangu nitazifanyia nini?"

"Nunua adabu, Mzee Hoyt!" Jodeen alimjibu, na hilo lilikuwa tusi la kwanza aliloelekeza kwa mtu mwingine alasiri ile.

Mwezi wa kumi ukaingia. Siku ya kuzaliwa ya Verlene ikapita na keki ndogo, viatu vikabaki miguuni, paa la Pruitt likabaki salama. Miaka mitano mingine, mpaka sitini na saba. Mlangoni kuna tangazo kwamba bakshishi hazipokelewi, na mayai yamepanda dola moja na nusu, na mchungaji ameshalalamika mara mbili kuhusu mayai. Jodeen alikuwa anamsalimia Verlene, ila kwa jina tu. Ilikuwa bora kuliko wiki ya kwanza.

Turudi nyuma kidogo, asubuhi ya kwanza ya utaratibu mpya, Hoyt akaingia, akalisoma tangazo kutoka juu hadi chini, akaenda mezani kwake. Akapanga noti tano ukingoni, karibu na sirapu, akakunja mikono.

Verlene alifika kwa wakati wake, wala hakukimbia. Akamimina kahawa. Hoyt akaonja.

"Imepoa," alisema, na vidole viwili vikaanza kunyooka.

Nyonga ikamuuma Verlene wakati huohuo, uchungu mmoja mbaya mpaka akafumba macho. Alipofumbua, akavuta kiti cha upande wa pili wa meza, akakaa. Miaka thelathini na moja hakuwahi kukaa kwenye kiti cha mteja. Mgahawa mzima uligeuza shingo, na Jodeen akasimama na sahani mbili mkononi.

"Unafanya nini?" Hoyt aliuliza.

"Nimekaa, Hoyt. Nalipwa hivi nilivyokaa."

"Na kahawa yangu nani ataibadilisha?"

"Birika lile pale. Miguu unayo miwili, yote mizima. Niletee na mimi."

Hoyt alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakuona wa kumtetea. Akainuka, akavuta suruali juu, akaenda akalichukua birika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ambebe. Akarudi nalo na kikombe kingine, akamimina chake, akamimina cha Verlene huku anawatazama watu, kahawa ikafurika ikatiririka mezani mpaka kwenye aproni ya Verlene.

Verlene akaitazama aproni. Kisha akanyoosha vidole viwili, akaokota noti moja kutoka ukingoni, akaitia mfukoni polepole huku anamtazama Hoyt usoni.

"Wee Verlene! Si mmesema bakshishi hampokei!"

"Hii si bakshishi," alisema Verlene, na kukivuta kikombe karibu. "Hii ni faini."