Nebula Niliyomwonyesha Chifu

Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Ikutha, na nikishika kitu siachi. Nilipopata darubini ndogo niliapa lazima nione nebula, lile wingu la angani ambamo nyota huzaliwa. Wiki mbili sikuona kitu. Halafu jioni moja nikaipata, chini kabisa upande wa kusini: wingu jekundu, na ndani yake vinyota vikizaliwa na kuruka.

Jioni tatu niliichunguza nikiwa uani kwangu. Nyota zingine zote zilisonga, hiyo haikusonga hata kidogo. Nikaandika kwa daftari: "Imetulia sana."

"Baba Mwende, achana na upande huo," mke wangu aliniambia. Nikamjibu kwamba sayansi haitaki woga.

Chifu alikuwa amenicheka mbele ya watu wa kanisa kwa sababu ya hiyo darubini, kwa hivyo nilimwita yeye mwenyewe aje aone. Asubuhi hiyo kwa baraza alikuwa ameapa kumshika yeyote anayechoma makaa. Jioni alipokuja akainama kwa darubini, akafunga jicho moja.

"Mwalimu, hii kitu inaonyesha vitu juu chini?"

"Ndiyo, chifu. Ni kawaida ya darubini."

"Basi hiyo nebula yako ni tanuri ya makaa imetoboka. Kuna mama anaiziba na udongo. Amevaa sweta nyeupe ya maua."

Mke wangu akaingia jikoni. Hiyo sweta ndiyo nilimnunulia mamake Krismasi iliyopita.