Protini Chini ya Pweza

Leo nimekimbiza pweza kwa bodaboda kutoka maabara hadi Mnarani.

Tumesubiri miezi miwili protini ya binadamu iliyotengenezwa kwa utafiti, ile inayolegeza DNA iliyojisokota ndani ya seli. Imefika leo: kichupa kisichozidi ncha ya kidole, ndani ya sanduku kubwa la barafu kavu.

Sasa, kazini kwetu masanduku hayo hugombaniwa kwa kuwa hutunza baridi, kwa hivyo yana zamu. Likishafunguliwa tu, ni la mwenye zamu.

Nimelifungua, nikatoa karatasi, nikaenda kutafuta sahihi ya bosi.

Kurudi, meza tupu.

Zamu ilikuwa ya Bi Rehema, anayetusafishia maabara na jioni huuza samaki. Nimemkuta kibandani kwake Mnarani, sanduku limejaa pweza.

"Shikamoo, Bi Rehema. Humo mlikuwa na kichupa."

"Marahaba. Kiko chini, kwenye barafu. Nilijua utakuja."

"Hukukitoa?"

"Mwanangu, kitu kilichokuja na barafu yake hakitolewi kikawekwa juani. Kwani huko chuoni mlisoma nini?"

Nimekichukua kichupa na barafu yake, nikarudi maabara na digrii yangu.

Bosi amenisifu kwa kukitunza kwenye baridi. Sifa nimezipokea zote.

Kisha akauliza mbona kinanuka shombo.

Nimjibu nini, jamani?