Uso wa Kichina, Jina la Kitamil

Uso wangu na jina langu havijawahi kupatana. Uso ni wa Kichina, mweupe pe. Jina ni Pushpavalli, na hapa Ipoh, Malaysia, jina hilo ni la Kitamil, usibishe. Nilizaliwa na Wachina katika Mwaka wa Chui Milia wa kalenda yao, na kila Mchina anajua msichana wa chui huula ukoo wake. Basi wazazi wangu, watu wa huruma kweli kweli, wakanigawa kwa Wahindi. Wahindi waliwe tu, hawana neno.

Aliyenichukua ni Sellamah, mgema utomvu kwenye shamba la mipira. Alinibeba kiunoni alfajiri akienda kazini, akanilea kwa wali na dengu. Mpaka leo natukana kwa Kitamil, na Kichina sijui hata kuomba maji. Sokoni Wachina huniita mwenzao mpaka nifungue mdomo. Wahindi nao hunipandishia bei, eti Mchina hakosi hela. Raha mustarehe!

Mwaka huu figo za mama zimechoka. Wanasema damu nzito kuliko maji; yake inasafishwa kwa mashine hospitalini. Kutoka kwetu ni mabasi mawili, na akirudi miguu haimbebi. Nilitaka nyumba jirani na hospitali, basi, sikuomba ufalme. Nikaona tangazo, nikapiga simu.

"Jina nani?" akauliza mwenye nyumba, Bibi Foong.

"Pushpavalli."

"Ah! Imeshachukuliwa. Jana tu."

Mimi nami jeuri. Kesho yake nikapita pale, na kibao cha kupangisha bado kinaning'inia getini. Bibi Foong akatoka, akauona uso wangu, akachanua meno yote. Akamwaga Kichina chake. Nikamjibu Kimalei.

"Kizazi chenu hiki! Mmeitupa lugha ya kwenu," akanigombeza kwa mapenzi. "Karibu ndani, mwanangu. Nyumba ipo, nilikuwa nachagua mtu tu. Jana kanipigia Mhindi mmoja, nikamtimua. Zile kari zao, harufu haitoki ukutani mpaka Kiama!"

"Pole sana," nikamwambia. "Watu wa tabu hao."

Wala sikudanganya. Uso ndio uliozungumza, mimi nilikuwa nimeusindikiza tu.

Siku ya kupewa ufunguo nikaenda na mama, katoka kwenye mashine, mkono una bandeji. Bibi Foong akamtazama juu mpaka chini.

"Umeleta na mtumishi? Vizuri, hawa wachapakazi. Atalala kile kijichumba cha nyuma. Asipike tu."

Nikavimba. Mama akanibana mkono, akaninong'oneza kwa Kitamil, "Nyamaza, mwanangu. Hospitali ile pale, naiona na bati lake." Kisha akainama, mgonjwa yule, akaokota ufagio uliokuwa mlangoni. Akaniuliza kwa Kimalei, "Nianzie wapi, madamu?"

Lo! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikamnyang'anya ufagio.

"Huyu ni mama yangu! Ndiye aliyenilea. Na yule Mhindi uliyemtimua kwenye simu ni mimi."

 Bibi Foong, ajabu, akanionea huruma. "Masikini, ulitolewa ukiwa mtoto? Lakini kwa nini? Ulizaliwa mwaka gani?"

"Wa Chui Milia."

Akaruka nyuma, ufunguo akaukumbatia kifuani.

"Huyu mama hana shida," akasema akihema. "Angepika samaki tu bila kari, tungeelewana. Lakini wewe? Nina mume na wajukuu hapa jirani! Toka!"

Haya bwana. Mhindi kapata nyumba, Mchina kafukuzwa. Maisha yangu yote nilingojea usawa wa makabila, kumbe ulikuwa unanisubiri kwa Bibi Foong.

Njiani mama alicheka mpaka akakaa chini barabarani. "Eti wewe ule watu! Wewe uliyekuwa hunywi kijiko cha maziwa bila kubembelezwa!" Nikacheka naye huku nalia, maana hospitali ilikuwa pale pale na sisi tunarudi mbali. Kicheko kilipoisha hakuweza kusimama. Nikamweka mgongoni, nikambeba mpaka kituoni.

Basi lilipofika, kondakta akatikisa kichwa. "Madamu, una roho nzuri! Kumbeba mtumishi hivyo?"

Nikafungua mdomo nimpasulie. Mama akaniwahi, kidevu kikiwa begani kwangu.

"Roho nzuri wapi, baba! Mimi ndiye niliyeanza kumbeba."