Wimbo wa Bibi na Filimbi ya Mhindi

Enzi zetu, na wanaosema enzi zenyewe ni juzi tu waacheni waseme, muziki haukuja mfukoni. Uliufuata. Mimi niliufuata kila Jumamosi baada ya madrasa, sebuleni kwa Mzee Jayanti, juu ya duka lake la nguo hapa Malindi. Tulivua ndara mlangoni, tukajazana sakafuni mbele ya video, na mkewe akatugawia chevda, vitafunio vya Kihindi vyenye pilipili ya kutoa machozi. Kisha filamu ya Kihindi ikaanza. Wenzangu walingoja ngumi. Mimi nilingoja muziki.

Nilikuwa na mtunzi wangu mmoja. Jina lake lilinishinda kulitamka, lakini vinanda vyote viliponyamaza ghafla na filimbi moja ikabaki ikilia peke yake, nilijua ni yeye. Nilizipiga sauti zake kwa mluzi nikiosha vyombo, nikiteka maji, hata darasani. Mama akasema, "Mwanakombo, ungeijua hesabu kama unavyozijua nyimbo hizo, mwalimu angekupisha kiti chake."

Nyumbani tulikuwa na muziki mwingine, wa Bibi, mama yake baba. Bibi alisifika kwa wimbo mmoja tu, na harusi ya jamaa haikutimia bila wimbo huo. Kabla ya kuimba aliitengeneza leso yake na kusema, "Huu alinitungia marehemu, maneno na lahani, wiki ya harusi yetu." Wanawake wakapumua kwa husuda.

Wiki ya kuolewa shangazi yangu, Mzee Jayanti akaweka filamu ya kale isiyo na rangi, kazi ya mtunzi wangu alipokuwa kijana. Filimbi ikaingia. Nyota wa filamu akafungua kinywa, akaimba wimbo wa Bibi, lahani ile ile kwa maneno ya Kihindi.

Nilikaa na chevda mkononi. Ama babu alikuwa mwizi, ama mtunzi wangu. Nikauliza filamu ni ya lini. "Ya kabla bibi yako hajaolewa," Mzee Jayanti akanijibu. "Ilionyeshwa papa hapa mjini, nami ndiye niliyekata tiketi mlangoni."

Mtoto mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikwenda mbio nikamkuta Bibi akipepeta mchele wa pilau, nikasema yote mbele ya mashangazi.

Bibi akauweka ungo chini. "Basi Ijumaa siimbi."

"Mama!" bi harusi akalia. "Naolewa kama yatima?" Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, mdomo huo utakuponza!"

Usiku ule ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kusema kweli na bado akatamani ardhi immeze.

Kesho yake Bibi alivaa buibui, akanishika mkono, akaenda mwenyewe kwa Mzee Jayanti kuitazama filamu. Wimbo ulipofika aliinama mbele. Halafu akacheka mpaka akajifuta macho.

"Mwongo yule marehemu wangu! Wiki ile ya harusi aliniletea salamu kwamba kila jioni yuko darsani!"

"Darsa gani?" Mzee Jayanti akasema. "Alikuja sinema jioni nne mfululizo, na penseli sikioni. Lakini sikiliza, mama." Akairudisha kanda. "Hapa wimbo wa filamu unapanda. Wenu, ninaousikia toka harusini kwenu, unashuka. Kaubadilisha."

Bibi akausikiliza mara tatu. "Sauti yangu haijapata kufika kule juu," akasema polepole. "Tulikuwa majirani. Alinisikia tangu udogoni nikikwama."

Ijumaa akasimama mbele ya wanawake. "Lahani ni ya Mhindi, maneno ni ya mume wangu, na sauti mbovu hii ni yangu. Mwenye neno alitoe!" Vigelegele vikapasua nyumba. Akaimba, na pale pa kushuka akashuka taratibu, akitabasamu.

Leo wapwa zangu huielekezea simu kaseti ya harusi ile, na kabla Bibi hajamaliza ubeti simu imekwisha kumtaja mtunzi. "Shangazi, hii ni kopi," wananiambia, kisha kila mmoja anarudi kwenye visikizio vyake. Siwezi kuwakemea, nilisema hayo hayo nikiwa mdogo kuliko wao. Ila mimi nilikuwa na watu wawili wa kuniketisha na kuirudisha kanda mara tatu. Wao wana jibu mara moja, na jioni nzima inayobaki hawajui waifanyie nini.

Bibi hayupo, wala Mzee Jayanti. Nimefika chuo kikuu, nimebishana na kila mwalimu kuhusu muziki, na mtunzi wangu bado nampenda kuliko wote. Lakini wimbo ule nikiuweka, filimbi inapopanda, mimi hushuka.