Nilimtafsiria Yaya Uongo

Nimekosa, ndugu zangu. Hakuna aliyenisukuma. Ni kinywa changu mwenyewe!

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa na kansa ya titi. Tunakaa Rubondo, hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Alilificha lile titi hadi likapasuka, ndipo tukaandikiwa karatasi ya kwenda hospitali Mbarara. Yaya alijua Kifulero cha kwetu Kongo na Kiswahili tu. Mimi nilijifunza Kiingereza kidogo hapa kambini, nikawa mdomo wake.

Munganga, daktari wa pale, alisema taratibu kwa Kiingereza, akinitazama mimi: ugonjwa umeingia mapafuni na kwenye mifupa. Kuuponya haiwezekani tena, watamtuliza maumivu tu. "Mwambie," akasema. "Kama kuna watu anataka kuwaona, awaite sasa."

Yaya akanishika mkono. "Anasema nini?"

"Anasema utapona. Utakunywa dawa, ila itachukua muda."

Akacheka! Mungu wangu, alicheka, akampa munganga mkono. "Asanti mingi!" Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Tangu siku ile sikutulia. Nikikaa, nasimama. Nasugua sufuria safi. Akikohoa, nachukua bido nakwenda kuchota maji, na nyumbani maji yamejaa! Majirani wakija kumwona, nawawahi mlangoni: "Musimwambie kitu!" Wakapunguza kuja. Nani atakaa na mgonjwa huku anauogopa ulimi wake mwenyewe?

Binti yake wa pekee, Furaha, alibaki Uvira. Nikamwambia yaya amwite.

"Aa, asinikute nimekonda hivi. Nipone kwanza, akuje tuvune naye maharagi."

Ingefaa niseme ukweli palepale. Nikasema, "Sawa, yaya."

Mwishowe yaya akashindwa kuinuka kitandani. Akaja muuguzi anayezungukia wagonjwa nyumbani, Mukongomani mwenzetu. Yaya akamwuliza mwenyewe, "Nitapona lini?"

Muuguzi akanigeukia. "Hamukumwambia?"

Loo, siku ile! Akaketi kitandani, akamweleza yote kwa upole, amemshika mkono. Yaya hakupiga kelele. Muuguzi alipoondoka, akaniambia: "Mudogo wangu, nilikuwa nashangaa juu ya nini bantu bote bananikimbia. Kumbe nilikuwa nakufa peke yangu." Kisha akasema, "Mupigie Furaha."

Furaha alipanda gari siku ileile, lakini usiku huo yaya akapoteza kauli. Alipofika, tulikuwa tumemzika mama yake jana yake.

Hakunilaani. Aliniuliza tu, "Mama mudogo, aliniachia neno gani?"

Sikuwa na neno la kumpa! Siku zote zile yaya aliamini ana muda, kwa hiyo maneno yake aliyaweka. Nimehangaika nikitafuta hata moja. Nilitaka kubuni, nikajishika. Nimeshadanganya mmoja, inatosha.

Wewe unayeuguza, usijidanganye kwamba unamhurumia. Mimi nilikuwa najihurumia mwenyewe, niliogopa kumwona akilia. Mwulize anataka kujua nini, umwambie kwa upole. Ukishindwa, mwite anayeweza. Halafu rudi ndani ukae naye, jamani, ukae!