Bao la Ayalandi na Majina ya Waliokufa

Nakumbuka vizuri, mwanangu, jioni moja ya Juni pale Sugar Land, nje kidogo ya Houston, nilipokaripiwa na mzee ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha na kumvisha soksi. Wengi huficha kwamba walianzia kazi hiyo. Mimi sifichi. Nilitua Texas na begi moja, nikapanga nyumba Alief, mtaa wa Houston, na Wakenya wenzangu, mchana nikitunza wazee na jioni nikisoma, hadi nikapata stashahada ambayo leo imetundikwa sebuleni kwangu Nakuru, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe. Ukiona vyaelea, ujue vimeundwa.

Mzee huyo aliitwa Finbar, Mwayalandi aliyefiwa na mkewe. Alikuwa mtu wa kuadhimisha siku. Pasaka aliwakumbuka waasi walioshika jengo la posta la Dublin. Aprili alikumbuka mkataba wa amani. Lakini siku yake kubwa ilikuwa ile ya Juni, Ayalandi walipoifunga Italia bao moja kwa bila katika Kombe la Dunia, hukohuko Marekani. Mechi ikiwa kipindi cha pili, kule kaskazini mwa kisiwa chao, watu wenye bunduki waliingia katika baa ya kijiji ambamo wanakijiji walikuwa wakiitazama, wakaua sita.

Kila mwaka siku hiyo aliweka kanda ya mechi. Bao likifungwa, alipiga meza kwa furaha kama mtoto. Kipindi cha pili kikishika kasi, alizima televisheni, akainuka kwa mkongojo wake, akayataja majina ya wale sita, mmoja baada ya mwingine, polepole. Hakuwa na undugu nao.

Mara ya kwanza kuyaona hayo nilicheka. Nilimwambia waliishinda Italia, basi wafurahi, na nikamfasiria methali yetu: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Hakukasirika. Aliniuliza sisi huadhimishaje siku ya uhuru wetu. Nikamweleza kwa fahari, maana nilikuwa mwenyekiti wa kamati pale Alief: tunakodi ukumbi, tunachoma mbuzi, tunaleta muziki, na kwa kuwa wauguzi wana zamu, siku yenyewe tunaisogeza hadi Jumamosi. Akauliza ni nani husimama kuwataja waliokufa msituni wakiupigania uhuru huo. Nikamwambia hakuna.

“Basi mna karamu, kijana,” aliniambia. “Kumbukumbu hamna. Na ipo siku mtasahau hata karamu ilikuwa ya nini.”

Maneno hayo yaliniuma. Sikuzoea kukosolewa, na bado sijazoea.

Mwanangu, mzee yule hakuogopa kifo. Aliogopa jambo moja tu: kwamba akifa, hakuna atakayeyataja majina yale. Alikuwa na mtoto mmoja, Kevin, mfanyakazi wa uwanja wa ndege aliyeishi Euless, safari ya saa nne kwa gari. Kila Juni alimpigia simu, na kila Juni Kevin alikuwa zamu. Mwaka wa mwisho mzee hakuweza tena kusimama, na Kevin akaja, amevaa jezi ya kijani, mkarimu, mcheshi. Bao lilipoingia walipiga kelele pamoja, na sijawahi kumwona mzee akiwa na furaha kama ile.

Kipindi cha pili, mzee akasema kwa sauti ya chini, “Zima sasa, mwanangu. Uyataje.”

“Acha iishe, baba. Tulishinda bwana. Kila mwaka lazima tuomboleze?”

“Ni majina sita tu.”

“Hata siyajui.”

“Nimekufundisha tangu ukiwa mtoto.”

Kevin hakuyaondoa macho kwenye televisheni. “Watu wale walishakufa, baba. Mimi sikuwajua.”

Mzee aligeuza uso kuelekea ukutani. Filimbi ya mwisho ikapigwa, wachezaji wakakumbatiana, na hakuna aliyesimama. Mimi majina niliyajua. Lakini nilijua pia kwamba hakuhitaji kuyasikia kwangu. Alitaka kuyasikia kutoka kwa mwanawe. Alikufa kabla ya Juni nyingine.

Nikaenda kwenye kamati yetu nikapendekeza siku ya uhuru iadhimishwe kwa tarehe yake, hata ikiangukia Jumanne, na mashujaa watajwe kabla ya chakula. Muuguzi mmoja kijana akaniuliza, “Chair, tumetoka double shift, na wewe unatuletea matanga kwa pati?” Ukumbi ukacheka. Tangu hapo wakaniita Mzee Matanga.

Leo mama yenu ni marehemu. Siku ya kumbukumbu yake ilipofika mwaka wa kwanza, dada yako alinipigia kutoka Alief akasema, “Dad, Tuesday niko kazini, si tu-move ibada hadi Saturday?” Nikakubali. Mwaka wa pili alinitumia picha ya maua kwenye simu. Mwaka huu nimeketi kutwa nzima nikingoja, na simu haikulia.

Sitakudanganya kwamba nina matumaini makubwa. Nimeona jinsi siku inavyokufa: kwanza inasogezwa, kisha inafupishwa, kisha inabaki tarehe isiyo na mtu. Kwa hiyo nakuusia hivi. Chagua siku moja ya watu wako na usiihamishe, hata kazi ikubane vipi. Siku ya furaha, utaje pia waliolia. Jina la marehemu ulitamke kwa kinywa chako mwenyewe, mzazi wako angali anasikia, maana akishageukia ukuta umechelewa.

Mungu akulinde katika barabara ndefu za Texas, akupe riziki ya jasho lako na watoto wenye masikio. Na wewe utakapoondoka duniani, asikosekane mtu mmoja atakayesimama bila kuitwa akalitaja jina lako.